Anayetoa Ushauri Anaosha Vikombe

Ruksa ya biashara huria ilipoingia, ndugu zangu wote walikimbilia biashara: vitambaa, redio, sabuni za nje. Mimi nikabaki afisa ustawi wa jamii hapa Morogoro. Mama hakuchoka kunisuta, "Mhindi gani wewe, hata kiberiti hujui kuuza?" Ofisini nako wenzangu waliamini naficha utajiri. Sikuwa na pa kusemea, mpaka nilipowapata wawili wa kazi kama yangu: nesi wa wodi ya watoto, Mhindi mwenzangu, na dada mmoja mlezi wa wazee, Mgoa, ambaye ukimwita Mhindi mnagombana.

Kila Jumamosi alasiri tulikaa stoo, nyuma ya duka la mume wa nesi, juu ya majora ya vitambaa, tukinywa chai ya maziwa yenye iliki. Sheria yetu ilikuwa moja: mwenye kesi anasimulia, wengine wanauliza tu. Anayetoa ushauri anaosha vikombe. Nesi, maskini, aliosha karibu mwaka mzima.

Jumamosi moja nilipeleka kesi ya binti wa miaka tisa, Mluguru, yatima wa baba na mama. Nilikuwa nimemchukua msibani Mwembesongo nikampeleka kwa baba yake mdogo, Dakawa. Jumatatu faili lilikuwa liende mahakamani ili alelewe huko Dakawa moja kwa moja. Nyumba nzuri, mpunga tele. Lakini mtoto alikuwa hasemi. Wiki tatu, hata shikamoo haimtoki.

"Ulimuuliza nani kabla ya kumpeleka?" akauliza Mgoa.

"Baba mdogo. Na babu mzaa baba."

"Upande wa mama je?"

"Upande wa mama wa nini?" Nilicheka kabisa, jamani! Kwetu mtoto ni wa baba. Baba yangu alipofariki, baba mkubwa alikuja tukafungasha siku ileile, mama akifuata nyuma. Sikuwahi kuwaza kwamba kuna namna nyingine.

Nesi akauliza polepole, "Hivi kwa Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa nani?"

Miaka sita naandika mafaili ya Waluguru, sijui! Aibu ilinishika, na hamu ya kujua ikanishika zaidi.

"Kesho panda mlimani kwa watu wa mama yake ukaulize," nesi akasema. Akajiziba mdomo, akainuka mwenyewe kwenda kuosha vikombe.

Jumapili nikapanda, nahema. Nilimkuta bibi mzaa mama anapukuchua maharage, mjomba wa mtoto yuko kando yake. Baada ya shikamoo nikatoa swali la nesi. Bibi akanishangaa.

"Si wa mama yake? Mwenye neno ni mjomba wake huyu."

"Sasa mbona hamkuja ofisini kusema?"

"Ulimchukua na gari la serikali, mwanangu. Tukajua umeshauliza."

Jumatatu faili sikulipeleka mahakamani. Alfajiri nilikwenda Dakawa na mjomba. Binti alikuwa anafagia uwanja. Alipomwona, ufagio ukamdondoka.

"Shikamoo, mjomba," akasema. Sauti ilikuwa imekauka. "Mbona mmechelewa?"

Mjomba alinigeukia mimi.

"Nimechelewa mimi," nikamwambia mtoto. "Sikuuliza."