Baragumu Lililolia Ufukweni

Kama unataka hadithi ya kutungwa, tafuta mtu mwingine. Mimi sijui kutunga. Hata shuleni insha zangu zilikuwa fupi mpaka mwalimu akaniuliza kama kwetu wino unapimwa kwa kijiko. Haya nitakayokueleza niliyaona mwenyewe, kwa macho haya ambayo leo yanadai miwani, lakini wakati ule yalimtambua mbuzi wa jirani akiwa mlima wa pili. Mama yangu naye aliyaona, na mpaka anaingia kaburini hakubadilisha hata neno moja.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, baada ya vita vya pili. Baba yangu, Eliamini, alikuwa mfanyakazi wa reli pale stesheni ya Same. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia za reli treni zinapopishana, na kila mwaka akipewa likizo alipewa pia pasi ya kusafiri bure, yeye na familia yake. Wenzake wengi walikwenda makwao. Baba kwao kulikuwa juu tu ya milima, upande wa Gonja, na alisema milima anaiona kila akifungua mlango. Yeye alitaka bahari. Aliiona mara ya kwanza alipokuwa askari keya, jeshi la Mwingereza, wanapelekwa Bama kule Asia kupigana, na tangu hapo haikumtoka moyoni.

Basi kila mwaka tulipanda treni daraja la tatu, Baba, Mama, mimi na wadogo zangu wawili wa kike, pamoja na hema la turubai lililonuka mafuta ya taa. Makanya, Hedaru, Mombo, Korogwe. Kila stesheni watu walileta madirishani ndizi, mayai na machungwa, na kila stesheni Mama alitazama upande mwingine, kwa sababu alikuwa na viazi vya kuchemsha ndani ya kikapu. Unajua wanavyotusema sisi Wapare kwa ubahili. Kwa Mama walikuwa hawajakosea sana.

Tukishuka Tanga tulitembea na mizigo kichwani mpaka ufukwe mmoja nje ya mji, ambako watu wa reli waliruhusiwa kupiga hema chini ya mivinje. Hapo ungekuta familia ya Mnyamwezi mchochea moto wa treni, familia ya karani Mchaga kutoka Moshi, na sisi. Baba kabla hajavua viatu alikuwa ameshachimba mfereji kuzunguka hema, kama vile mvua ya mlimani ingeshuka muda wowote. Mchanga ulibomoka, akachimba tena. Watoto wa pale walikuja kumtazama kama wanaangalia ngoma, naye hakujali. Mama alipika makande kwa maji ya bahari ili kuokoa chumvi, tukanywa maji kutwa nzima, na mwaka uliofuata akafanya hivyo hivyo, ila safari hii akapunguza.

Jamani, zile siku. Leo nikifumba macho nasikia lile turubai likipigwa na upepo, na Baba akicheka peke yake majini. Nyumbani Baba alikuwa mtu wa saa na filimbi, haongei. Pale alikuwa mtoto. Alitubeba mgongoni, alijizika mchangani mpaka shingoni, alituimbia nyimbo za jeshi ambazo Mama alimkataza asizimalize. Nilimpenda Baba siku zote, lakini Baba wa ufukweni nilimpenda zaidi, siwezi kukuficha.

Mwaka ninaousimulia tulimchukua Bibi, mama yake Baba. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, ndoo kichwani bila mkono. Bibi hakuwa amewahi kushuka mlimani zaidi ya sokoni, na alikuja kwa sababu Mama alimbembeleza sana. Alikaa mbele ya hema akaitazama bahari siku nzima. Maji yalipokupwa akauliza, “Nani ameifungulia?”

Hapa lazima nikueleze, la sivyo utadhani Bibi alikuwa amechanganyikiwa. Kwetu milimani tuna ndiva. Ni bwawa la udongo na mawe. Usiku linazibwa lijae maji ya kijito, na alfajiri linafunguliwa, maji yanashuka kwa mifereji hadi mashambani kwa zamu. Maji yanayojaa na kupungua, kwa Bibi, lazima yawe na mtu anayeyafungua. Na alijua anachosema, maana marehemu Babu ndiye aliyekuwa mlinzi wa ndiva ya kijiji chetu. Ukuta ukibomoka, yeye ndiye aliyepuliza baragumu alfajiri kuwaita watu kwenye msaragambo, yaani kazi ya wote. Likilia, kila nyumba inatoa mtu. Huulizi ni kazi gani. Unashika jembe unatoka, utaelezwa huko huko. Nyumba isiyotoa mtu inachukuliwa chungu au kuku, na aibu yake inakaa muda mrefu kuliko huyo kuku.

Babu alifariki Baba akiwa Bama. Baba aliporudi, kaburi lilikuwa limeshaota majani. Hilo hakulizungumzia kamwe, ila tukipita makaburini pale kanisani alivua kofia na kubaki nyuma peke yake, na Mama alituambia tusigeuke. Tangu Babu afe, mtu wa nyumba yetu kwenye msaragambo alikuwa Bibi, na jembe lake, mjane katikati ya wanaume. Baba alikuwa na reli, na likizo alikuwa na bahari. Bibi alimsema kidogo, kisha akaacha.

Sasa sikiliza. Asubuhi moja niliamka kabla ya wengine ili niwashe moto, kama ilivyo kazi ya binti mkubwa. Kulikuwa kunapambazuka. Bahari ilikuwa imekwenda mbali, mchanga umebaki mtupu, unanuka chumvi. Nikiwa nimeinama napuliza makaa, nikasikia baragumu.

Utaniuliza kama nilishtuka. Hata kidogo. Ingelia honi ya meli ningeshtuka zaidi. Ile sauti nilikuwa nimeisikia tangu nikiwa mgongoni mwa Mama, na masikio yangu hayakukumbuka kwamba tuko Tanga. Nikainua kichwa nikaona mzee anakuja kutoka upande wa bahari. Alijifunga shuka begani, mkono mmoja ameshika pembe, begani jembe. Jembe lile lilikuwa na udongo mwekundu, mbichi, ule wa kwetu. Nilisimama nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Akaniambia kwa Kipare, “Mwambie Kiondo ukuta umebomoka. Watu wanamsubiri.” Akageuka akaanza kurudi alikotoka.

Kiondo ni jina la Baba la utotoni, kabla hajabatizwa. Hakuna mtu wa reli aliyelijua. Nikasema moyoni, huyu ni ndugu wa nyumbani. Nikaingia hemani nikamwamsha Baba taratibu, nikamwambia wanamwita kwenye msaragambo. Naye akafanya vile ambavyo mwanamume yeyote wa kwetu angefanya akiamshwa na maneno hayo. Hakuuliza kitu. Aliinuka na fulana yake, akachukua lile sepeto la kuchimbia mfereji, akatoka peku. Mimi nikarudi kwenye moto wangu.

Maji ya uji yalipoanza kutoa moshi ndipo akili iliponirudia. Ukuta gani, tuko baharini? Nikatazama. Walikuwa wawili, mbali, wanatembea kwenda ndani, yule mzee mbele na Baba nyuma. Mchanga ulikuwa umelowa, unashika alama hata ya kaa. Na niamini ninapokuambia, nyayo zilikuwa za mtu mmoja.

Nilipiga ukelele. Mama akatoka, lakini Bibi alimtangulia. Akakinga mkono juu ya macho, akamtazama yule wa mbele, ambaye alikuwa anaegemea upande wa kushoto kidogo kila hatua. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Yule ni mume wangu.”

Tulikimbia. Sijawahi kukimbia vile tena. Maji yalikuwa yameanza kurudi, na wewe uliyeishi pwani unajua yanavyorudi, yanapita pembeni kwanza na kukufunga nyuma. Tulipomfikia Baba yalikuwa kiunoni mwake. Mama alimshika mkono, mimi nikashika fulana, tukavuta. Hakutikisika. Alikuwa anatabasamu, analipiga sepeto majini na kuinua, anapiga na kuinua, kama mtu anayerusha udongo. Mbele yake kidogo yule mzee alikuwa amesimama, na shuka lake lilikuwa kavu mpaka chini. Hapo nikajua kwamba Baba anakwenda, na kwamba anakwenda kwa furaha, na sisi wanawake wawili hatuna nguvu ya kumrudisha. Nililia nikimwita, hakunisikia.

Bibi alifika mwisho, maji kifuani, khanga inaelea. Hakumwangalia Baba. Alimwangalia yule mwingine.

“Baba Kiondo,” akasema, “huyu ana watoto. Mwache.”

“Baragumu limelia,” yule mzee akajibu. “Kila nyumba itoe mtu.”

“Nyumba yako inatoa mtu tangu siku uliyoiacha. Mtu huyo ni mimi. Nimekuzibia ukuta wako kwa mvua na kwa jua, wanaume wananicheka. Leo unanipita mimi unakwenda kumwita mtoto?”

Bibi akasogea, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayezungumza na mwenzake jikoni. “Nitakuja mimi. Ila niache nifike nyumbani kwanza. Sitaki kuzikwa na samaki.”

Yule mzee akacheka. Nilikisikia kicheko kile, na kilikuwa kicheko cha Baba, kile kile cha ufukweni. Kisha akageuza uso, akanitazama mimi, akasema polepole, “Marahaba, mjukuu wangu.” Wimbi likatupiga usoni sote, na tulipofuta macho alikuwa hayupo.

Baba akalegea mikononi mwetu, tukamkokota mpaka nchi kavu, na yule Mnyamwezi na mkewe wakaja kutusaidia. Alipopata pumzi hakushukuru. Aliketi mchangani analia, mtu mzima aliyepigana Bama. “Mama, umenirudisha kwa nini?” akamuuliza Bibi. “Nilikuwa nimeshamfikia.” Alisema hakuona bahari hata tone. Aliona ndiva, watu wa kijiji wamejipanga, pengo kwenye ukuta, na baba yake akimnyooshea mkono ampe udongo. Bibi alimfuta uso kwa khanga iliyolowa akamwambia anyamaze, wadogo zangu walikuwa wanamtazama.

Siku ile ile tulikunja hema. Baba hakurudi Same kusubiri kazi. Alipanda na Bibi mlimani, na siku za likizo zilizobaki alizitumia ndivani na wanaume wenzake. Tena kweli ukuta ulikuwa umebomoka. Wakati sisi tuko Tanga mvua ilikuwa imeukata, na baragumu lilikuwa limelia asubuhi ile ile. Lakini la kijijini, mtu gani angelisikia kutoka baharini?

Bibi aliishi mpaka mvua za vuli. Baba alikuwa anapanda kumwona kila alipopata nafasi, na siku ya mwisho wake alikuwapo. Bibi aliamka alfajiri, akajifunga khanga, akachukua jembe, akasema wanamwita. Baba hakuwa amesikia chochote, wala jirani yeyote. Akasimama mlangoni amzuie. Bibi akamwambia, “Ulikuwapo nilipoahidi,” naye akasogea, kwa sababu alijua ni kweli. Walimkuta ameketi ukutani mwa ndiva, jembe mapajani, amelala usingizi usio na kuamka. Kaburi Baba alilichimba mwenyewe. Wanaume walitaka kumpokea sepeto, akakataa. Aliporusha udongo wa mwisho alilia kwa sauti, kilio cha miaka yote ya nyuma, na sisi sote tulielewa kwamba siku ile amezika wawili.

Hatukurudi ufukweni tena. Baba kila likizo alikwenda mlimani, na kila baragumu lilipolia nyumba yetu ilitoa mtu, na mtu huyo alikuwa yeye. Aliishi akazeeka, akawaona wajukuu, akacheka nao. Lakini kicheko cha majini sikukisikia tena, na nakiri kwamba nakitamani mpaka leo. Wajukuu zangu wananipeleka baharini siku hizi, na mahema yao mepesi ya kukunjwa mfukoni. Ninakwenda, ninafurahi, ninawapikia. Ila alfajiri hakuna anayetoka hemani kabla sijawahesabu.

Marehemu wetu hawatutakii mabaya. Wanatupenda, na wanasahau kwamba sisi huku bado tuna watoto wa kulea na sufuria jikoni. Kwa hiyo ukiwa mbali na kwenu, ukatulia, ukaanza kumkumbuka baba yako aliyekwenda bila kukuaga, mkumbuke, ni haki yako. Lakini mkumbuke ukiwa umekaa chini, na mtu anayekupenda awe karibu, mahali ambapo mkono wake unaifikia nguo yako.