Neno Nililomsemea Mwikali

Siku za Ijumaa na Jumamosi gari la baba lilinukia mafuta ya nazi. Riyadh si mji wa minazi, na harufu hiyo sisi tuliijua kichwani kwa bibi tu, aliyekuwa akiishi Jeddah tangu alipotoka Unguja mwaka wa mapinduzi akiwa na mtoto mgongoni. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipopanda kiti cha nyuma na kumkuta mzee wa Kihindi amekaa mbele, nywele zake nyeupe zimelazwa kwa mafuta hayo, nilimpenda kabla hajafungua kinywa. Aligeuka akaniambia, "Karibu, chai, pole, kwaheri," kisha akacheka peke yake, maana hayo ndiyo maneno yote ya Kiswahili yaliyokuwa yamembakia. Aliitwa Profesa Keshavan. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikiitwa Zuwena binti dereva, na tulikaa mtaa wa Al-Murabba, katika jengo ambalo ngazi zake zilijaa viatu vya wafanyakazi wa mataifa yote. Ilikuwa miaka ile ndege zikishusha Wakenya kila wiki, wanaume kuja kulinda milango na kuendesha magari, wanawake kuingia majumbani mwa watu.

Baba alikuwa dereva wa ofisi moja pale Olaya iliyomwalika Profesa aishauri kuhusu mikataba ya wafanyakazi wa nyumbani. Kabla ya uprofesa alikuwa mwanadiplomasia, na maisha yake alinisimulia vipande vipande, gari likisubiri kwenye taa. Baba yake alikuwa karani wa posta katika mji mdogo wa kusini mwa India. Yeye alifaulu mtihani wa serikali akapelekwa Dar es Salaam, kijana mdogo ubalozini, kazi yake kupanga viti na kukosea majina ya wageni. Kutoka huko alihamishiwa mji wa baridi ambako, alisema, wino uliganda kalamuni. Kisha Jeddah, miaka mitano, akiwa konsuli wa mahujaji waliopotea na vibarua waliokufa. Akaja kuwa balozi katika nchi ndogo ya visiwa, akastaafu, akarudi kwao kufundisha chuo kikuu. Mambo ya ubalozi aliyasimulia kwa mzaha. Ya Jeddah hakuyafanyia mzaha. Huko, alisema, barua ya kibarua mmoja ilikaa mezani kwake majuma matatu kwa sababu iliandikwa kwa lugha moja ya India asiyoweza kuisoma, na mkalimani alikuwa likizo. Iliposomwa, mwandishi alikuwa amekwisha kufa kwa kazi ya juani aliyoomba aondolewe. "Tangu siku hiyo," aliniambia, "mkalimani kwangu ni mtu mkubwa kuliko balozi."

Ndipo akanifanya mimi mkalimani. Kiarabu nilizaliwa nacho mtaani, Kiswahili kilikuwa cha nyumbani, na Kiingereza nilikipata shuleni kuliko baba, ambaye chake kiliishia kwenye namba za barabara. Tena baba, akiwa dereva tu, asingeruhusiwa kuingia walikokaa wanawake wa watu. Wafanyakazi wengi aliotaka kuwasikiliza Profesa walikuwa akina dada kutoka Kenya, na yeye aliamini watamfungukia mtoto wa kike anayesema lugha yao. Alinipa daftari la jalada gumu na kunifundisha kanuni moja: sema alichosema mtu, chote, hata kama kinakuchoma. Baba alijaa fahari. Nyumba tatu za kwanza za Riyadh nilifanya kazi vizuri, na nilivimba kichwa nikidhani maneno ni yangu kwa kuwa yalipita kinywani mwangu.

Likizo ya shule ilipofika tulikwenda Jeddah kwa bibi, naye Profesa akaja akiwa na orodha ya nyumba zilizokubali kutembelewa. Nyumba ya pili ilikuwa Al-Rawdah. Sijapata kuona sebule kama ile: ubaridi wake ulinukia udi, na zulia lilimeza hatua zangu. Baba alibaki nje kwenye chumba cha madereva. Bosi wa nyumba alimkaribisha Profesa kwa heshima, madam akakaa upande wa pili, na ubavuni mwake binti yao Hind, wa rika langu, aliyevaa bangili nyembamba ya dhahabu. Nilipowaamkia, madam alishika kidevu changu. "Kiarabu chako safi kama cha binti yetu," alisema. "Wewe mtu wa wapi?" Nikajibu, "Mtu wa hapa hapa, Jeddah." Hind akasogea, akanipa nafasi kwenye kochi lake. Tukatazama picha katika simu yake, tukacheka, na kwa nusu saa ile nilisahau kabisa kwamba baba yangu alikuwa kwenye chumba cha madereva akinywa maji ya bomba.

Kisha akaingia Mwikali. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, Mkamba wa Kibwezi, ambaye hakukaa shuleni muda wa kutosha kupata Kiingereza. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa cha jikoni, naye aliuficha nyuma. Profesa alimwomba akae. Akakaa chini, kwenye zulia. Nilipomsalimia kwa Kiswahili uso wake ulifunguka kama dirisha. "Mdogo wangu," akasema, "kumbe wewe ni wetu!"

Neno hilo "wetu" lilinichoma. Niliona Hind ananitazama, kisha anamtazama Mwikali, kisha ananitazama tena, kama mtu anayelinganisha vitambaa viwili.

"Waambie, mdogo wangu," Mwikali aliendelea haraka haraka. "Tangu nije sijapumzika hata siku moja. Simu yangu walichukua. Huu mkono niliungua na mafuta ya sambusa, wiki mbili sasa, unatoa maji na unanuka. Nimeomba hospitali, wanasema kesho, kesho. Mimi ni fundi wa kushona, nikikosa mkono nimekwisha. Waambie nataka daktari, halafu nirudi nyumbani."

Madam aliuliza, "Anasema nini?" Profesa naye alikuwa ameinua kalamu. Hind alikuwa ananitazama. Nikasema kwa Kiarabu, "Anasema kazi ni nyingi kidogo, lakini yeye mabsuta." Ameridhika, ana furaha. Nikageuka nikamwambia Profesa vivyo hivyo kwa Kiingereza. Akauliza, "Na mkono?" Nikajibu, "Uliungua kidogo, unapona." Aliniangalia kitambo, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akaandika.

Nilidhani Mwikali hakuelewa. Alinitazama kwa utulivu ambao sikuweza kuupatia jina, kisha akainuka na kurudi jikoni bila kuambiwa. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa, lakini utumwa huo wangu ulikuwa na kochi laini, na jioni yake nilirudi kwa bibi na chupa ya manukato niliyopewa na madam. Bibi aliuliza, "Umepewa kwa kazi gani, mjukuu wangu?" Nikamjibu, "Kwa tabia njema."

Tulirudi Riyadh, shule ikafunguliwa. Kila nilipoosha vyombo na maji ya moto kunigusa, niliwaza ule mkono, nikajiambia kwamba madam alikuwa mwema na bila shaka amekwisha kumpeleka hospitali. Ningeweza kumwambia baba. Ningeweza kumwambia Profesa Ijumaa yoyote, kichwa chake kikiwa hatua moja mbele yangu. Badala yake nilimwomba anisimulie tena ule mji wa baridi.

Baada ya miezi miwili Mwikali alianguka jikoni kwa homa. Safari hii walimpeleka hospitali, na huko mlinzi mmoja Mkenya alimsikia akilia kwa Kikamba. Mlinzi huyo alikuwa na namba ya ofisi ya Profesa. Mzee alipanda ndege peke yake kwenda Jeddah, na yule mlinzi ndiye aliyemtafsiria. Siku ya pili Profesa alikuja nyumbani kwetu Al-Murabba wakati baba ameenda kuswali Alasiri. Mama alimwekea chai akarudi jikoni, Kiingereza hakukijua.

"Zuwena," alisema taratibu, "Mwikali ameniambia neno moja la Kiarabu. Amekaa nyumba ile miezi saba, anajua maneno ya jikoni. Anasema siku ile alisikia mabsuta. Nani alilisema?"

"Sikumbuki, Profesa."

"Fikiri."

"Mimi," nikasema.

"Kwa nini?"

Nilitafuta sababu kubwa, sikuipata. "Hind alikuwa ananitazama."

Alivua miwani, akayasugua macho yake muda mrefu. Nilingoja anipige au aniite baba. Aliniambia kwamba mkono haukukatwa, ila vidole viwili havitakunjika tena, na kwamba kafili, yule bosi aliyemdhamini, amekubali Mwikali arudishwe kwao. Kisha akasema, "Kosa hili ni langu. Mtoto habebeshwi mzigo wa mtu mzima. Nitaliandika hivyo." Na hapa ndipo panaponiumiza kuliko yote: moyo wangu ulipoa. Badala ya kuuliza namna ya kumwomba radhi Mwikali, niliuliza, "Baba hatajua?" Akanitazama kama alivyonitazama Mwikali. "Hatajua kutoka kwangu," akasema.

Aliandika kweli. Katika ripoti yake alisema alimtumia mkalimani asiyefaa, kwamba uamuzi ulikuwa wake yeye, na kwa uzembe wake mwanamke amelemaa vidole viwili. Jina langu halikuwamo. Ofisi haikupenda karatasi ya namna hiyo iwe na muhuri wake. Mkataba wa Profesa ulikatishwa kabla mwaka haujaisha. Tulimpeleka uwanja wa ndege asubuhi moja, baba, mimi na masanduku mawili ya vitabu. Alimkumbatia baba. Mimi alinipa mkono, akasema, "Soma." Tukiwa njiani kurudi baba alipiga usukani kwa kiganja. "Wamemwonea mzee wa watu," alisema, macho yamemlengalenga. "Amefanya kazi nchi ngapi bila doa, waje wamchafue uzeeni! Kuna mtu amemponza, na Mungu anamwona." Nilikaa kiti cha nyuma nikitazama nje.

Sasa ninafundisha Kiingereza katika shule ya wasichana hapa Riyadh. Olaya ina treni, na wageni wa kazi wanashika simu zinazotafsiri lugha wasiyoijua, sentensi nzima, bila kumwonea mtu haya. Dada wa nyumbani anaweza kupeleka malalamiko kwa kidole chake, ikiwa simu hajanyang'anywa. Profesa alifariki kwao miaka michache iliyopita. Nilisoma taarifa ya maisha yake: Dar es Salaam ilikuwamo, na visiwa, na chuo kikuu, na wanafunzi wake waliopanda vyeo. Riyadh haikutajwa. Nikajua kwamba pengo lile katika maisha ya mtu mwaminifu nimelichimba mimi. Mwikali nimemtafuta kupitia Wakenya wawili wa Kibwezi. Mmoja aliniletea namba. Ninayo tangu Ramadhani, sijaipiga.

Baba amezeeka, anapenda kukaa na wageni kibarazani na kuwasimulia habari za Profesa Keshavan, balozi aliyekula kwa mkono pamoja na dereva wake, kisha akafukuzwa kwa kosa la mtu mwingine. Wageni hutikisa vichwa. Juzi mmoja wao aliuliza, "Na huyo aliyemponza alijulikana?" Baba akasema, "Hakujulikana hata leo." Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mtu mzima alijitolea kuniita mtoto. Juzi nilikuwa mtu mzima, nimesimama pale pale na sinia la vikombe mkononi, hakuna aliyekuwa ananitazama, nami nikawamiminia chai.