Kompyuta Iliyolalishwa

Juzi nilikuwa kwa mchapaji wa barua karibu na soko, nikingoja fotokopi. Anayengoja hana kazi ila kusikiliza, na masikio yangu bado hayajazeeka.

Mama mmoja alikuwa akiandikisha barua kwa wakubwa wa kooperative, ushirika wa wachimbaji. Mwanawe, mchimbaji wa kobalti, alikuwa amefukiwa na udongo shimoni, na siku iliyofuata barua hiyo shimo lingefungwa kwa mashine. Aliomba wamtoe kwanza, apate kumzika. Alieleza yote: shati jekundu, jino lililovunjika, upande aliokuwa akichimba. Ukurasa ukajaa.

Saa sita mchapaji akatoka kula. Kompyuta akailalisha, eti isile umeme bure. Umeme ukakatika. Aliporudi, umeme ulikuwa umerudi, akaiwasha. Ukurasa ulikuwa mweupe.

"Tata, maneno yangu iko wapi?" mama akamwuliza mchapaji, akimwita baba kwa heshima.

"Mama, sikuyahifadhi. Ikilala, inayashika na umeme kidogo tu. Umeme ikikatika, yote inapotea."

"Kumbe hata ikilala inakula?"

"Inakula kidogo, mama."

"Na wewe ukaenda kula mingi," nikamwambia. Hakuna aliyecheka.

Mchapaji akaweka vidole tayari. "Tuanze tena, mama. Alivaa shati gani?"

 Mama akajifuta uso kwa kitambaa cha kichwa.

"Andika tu: mutoto yangu iko ndani. Musifunge."

Karatasi ikatoka na mstari mmoja. Watu husema wakubwa hawana nafasi ya kusoma barua ndefu. Hii basi wataisoma.