Hodi ya Kiti cha Uvivu

Majuzi nilipanda ndege kutoka Nairobi kurudi kwetu Mombasa. Nilikuwa nimekwenda kumwona kitukuu wangu. Safari yenyewe ni fupi, wewe wajua. Hujamaliza dua ya kupandia mara unaambiwa jitayarishe kushuka. Ndiyo kwanza nimepewa kikombe changu cha juisi, kijana aliyekaa mbele yangu akabonyeza kitufe, na kiti chake kikanijia kifuani chote kwa pamoja. Juisi yote ikaishia kwenye leso yangu mpya. Kijana hata hakugeuka. Alikuwa na vidude masikioni, anatikisa kichwa kwa muziki wake, na utosi wake ulinikaribia hivi kwamba ningetaka ningemtafuta chawa.

Binti wa ndege alikuja mbio na karatasi za kufutia, akaniomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyenimwagia. Nikamwambia haidhuru, mwanangu. Lakini moyoni nilikuwa nasema: ewe kijana, mshukuru Mungu wako kwamba nyuma yako ni mimi. Angekuwa Nyanya, ungeshuka kwenye ndege hii huna mchumba.

Usicheke. Nakuambia jambo nililoliona kwa macho yangu mawili, Kisauni, vita vikubwa vimekwisha juzijuzi tu na sukari bado ni ya kutafutwa kwa tochi. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Wazazi wangu walikuwa Malindi, nami nikilelewa na Nyanya na Babu katika nyumba ya makuti yenye ukumbi mdogo mbele, chumba cha kati, na uani nyuma. Shangazi yangu, kitinda mimba wao, alikuwa bado hajaolewa. Yeye ndiye aliyenisuka nywele kila Alhamisi, na ndiye pekee katika nyumba ile ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi. Nyanya akikusuka, ulilala na macho wazi.

Babu alikuwa bawabu bandarini Kilindini. Siku moja alirudi na kiti kichwani, amepewa na mkubwa wake wa kazi, kiti cha melini ambacho Wazungu walikuwa wakijilazia juani. Sisi tulikiita kiti cha uvivu. Kilikuwa cha mbao na turubai, na nyuma kilikuwa na ufito uliokaa katika meno matatu. Ukitaka kuegemea zaidi unajiinua kidogo, unapeleka mkono nyuma, unateremsha ule ufito jino moja. Tak! Ukiteremka mpaka jino la tatu, unatazama makuti. Babu alipokikalia mara ya kwanza alitoa pumzi ndefu, akasema kumbe Wazungu wana akili. Nyanya akamjibu kwamba mtu mwenye akili halali mchana.

Ugomvi ulianza siku ya tatu. Nyanya alikuwa amekaa mkekani nyuma ya kiti, anapepeta mchele. Babu akajisahau, akateremka meno mawili kwa mpigo. Kiti kikampiga Nyanya begani, uteo ukapinduka, mchele wote ukaenda mchangani. Nyanya hakugomba. Aliuzoa mchele na mchanga wake, akaupika, akampakulia Babu kwanza. Babu alitafuna kijiko kimoja, tukausikia mchanga ukilia kinywani mwake, naye akameza kwa sababu alijua amekosa.

Jioni ile Nyanya akatoa sheria. "Ukija mlangoni kwa mtu wapiga hodi," alisema. "Mgongoni mwa mtu waingiaje bila hodi?" Basi tangu siku hiyo, awe Babu, awe mgeni, awe mtoto, kabla ya kuteremka jino ilimpasa aulize kwa sauti: "Nyuma yangu nani?" Aliye nyuma hujibu: "Nyuma yako mimi. Teremka jino moja." Au kama ana sufuria ya moto: "Nyuma yako mimi. Subiri nisogee." Ukiuliza mara tatu usijibiwe, kama ilivyo hodi yoyote, unabaki ulivyo. Hakuna kujikaribisha. Sisi watoto tuliupenda mchezo huu mpaka ukawa karaha. Tulikuwa tukiulizana nyuma yangu nani hata chooni.

Majirani walitucheka. Jirani yetu mmoja, muuza mbaazi, alikuwa akipita anapaza sauti, "Nyuma yangu nani?" nasi tunamjibu kutoka uani, "Nyuma yako mbwa!" Lakini nakuambia kweli, kila aliyeketi kiti kile alijifunza. Nyanya alikuwa akisema kwamba mtu humjui kwa anavyokaa, maana kila mtu akiwa na wageni hukaa vizuri. Mtu utamjua anapoegemea.

Sasa ndipo ikaja posa ya Shangazi. Kijana alikuwa fundi cherehani wa Likoni. Shangazi alimtaka, na hili alilijua kila mtu ila halikusemwa. Nilijua mimi kwa sababu siku hizo akinisuka alikuwa anaimba, na mistari ya kichwani mwangu ilikwenda upande. Nyanya hakutaka. Likoni kwake ilikuwa nchi nyingine: uvuke daraja la Nyali, uumalize mji wote, kisha upande kivuko. "Mwanangu akiumwa na kichwa nitapata habari kishapona," alisema. Alikwisha kuwarudisha wawili kabla ya huyu, mmoja kwa kucheka ovyo na mwingine kwa kutocheka kabisa. Shangazi alikuwa amefika umri ambao wanawake mtaani walianza kumwambia pole bila sababu. Usiku wa kuamkia posa nilimsikia akimwambia Nyanya, "Mama, nakuomba. Huyu usimtafutie kosa." Nyanya akasema, "Sitatafuta. Likija lenyewe je?"

Wageni walikuja baada ya swala ya alasiri, wazee watatu. Msemaji wao alikuwa mjomba wa kijana, mzee mrefu, mnene, kanzu inambana, kofia ya viua nyeupe pe. Alikuwa hoi kwa mwendo. Babu, kwa kumheshimu, akampisha kiti cha uvivu na yeye akakaa mkekani na wale wengine. Ukumbi ulikuwa mdogo, kwa hiyo mgongo wa kiti ulikaribia pazia la chumba cha kati. Na nyuma ya pazia, kama ilivyo desturi, tulikuwa sisi wanawake tunasikiliza. Nyanya alikaa miguu ameinyoosha, mgongo ukutani, na mapajani sinia la kaimati zilizotoka kwenye shira nzito ya sukari wakati ule ule, akingoja nafasi ya kulitoa. Mimi nilikuwa ubavuni pake. Shangazi alisimama pembeni anatafuna ncha ya leso.

Katika posa, mama wa binti hasikiki. Akikohoa ni aibu, akicheka ni aibu zaidi. Jibu lake hupelekwa kwa mumewe kwa mtoto, kwa kunong'ona.

Wakaamkiana, wakaulizana hali za watu wote wa bara na pwani. Mara nikasikia: tak! Pazia likavimba kuelekea kwetu. Nyanya akanitazama. "Jino la pili," akanong'ona. "Bila hodi."

"Mama, ni mgeni, hajui," Shangazi alinong'ona.

"Hodi haina mgeni."

Mzee wa Likoni akaanza kumsifu kijana wake. Alikuwa na maneno matamu, sauti nzito ya kutulia, na kadiri alivyosifu ndivyo alivyostarehe. Tak! Jino la tatu. Hapo kichwa chake, kofia na pazia na vyote, kikaja kutua katikati ya sinia la kaimati, mapajani mwa Nyanya. Nyanya hakuwa na pa kwenda, nyuma ni ukuta. Nilichungulia ubavuni mwa pazia. Mzee amefumba macho, mikono juu ya tumbo, anasema, "Kijana wetu, alhamdulillahi, ni mwenye adabu. Tangu kuzaliwa kwake hajapata kumlemea mtu." Babu alikuwa anaona yote. Alikohoa. Akakohoa tena. Atamwambiaje mgeni wa posa ainuke kwenye kiti alichompa mwenyewe? Wale wazee wengine wakamwombea Babu afya.

Shira ilikuwa inapenya kwenye pazia, inapanda kwenye kofia. Nyanya uso ulikuwa wa jiwe. Akanivuta sikio karibu na mdomo wake. "Nenda kwa babu yako," akanong'ona. "Mwambie: hapana."

Nikamtazama Shangazi. Alikuwa amesikia. Hakulia, aliachia tu ile ncha ya leso ikaanguka, na mpaka leo sijaona mtu akichoka ghafla namna ile. Mimi nilikuwa mtoto, sikujua ndoa ni nini. Nilijua tu kwamba neno moja limewekwa mdomoni mwangu, nikilifikisha Alhamisi zote zitakuwa kama hivi.

Nikainuka. Nikatoa kichwa pembeni mwa pazia, palepale penye sikio la mzee. Na badala ya kwenda kwa Babu, nikalijibu lile swali ambalo mgeni hakuliuliza. Nikalijibu kwa sauti ya uani:

"Nyuma yako Nyanya! Subiri asogee!"

Mzee akafumbua macho. "Nyuma yangu nani?"

Wallahi alisema hivyo hivyo, neno kwa neno, bila kufundishwa na mtu. Kisha akapapasa nyuma kwa mkono, akagusa sinia, akagusa goti, akaelewa. Akaruka. Lakini kiti cha uvivu hakirukiwi; ufito uliponyoka, mbao zikajikunja, kikamfumba katikati, miguu juu, kanzu usiniulize. Na kofia ikabaki kwetu, imenata kwenye pazia pamoja na kaimati mbili.

Kisha ikasikika sauti ambayo haisikiki katika posa. Nyanya alikuwa anacheka. Alicheka mpaka sinia likamtoka mapajani, alicheka kicheko ambacho muuza mbaazi alisema alikisikia kutoka kisimani. Babu alijishika mdomo. Wale wazee wawili wakawa wanamnasua mwenzao, huku wakiangalia makuti.

Alipotoka kitini, mzee hakusimama. Alipiga magoti palepale mbele ya pazia, kichwa wazi, kisogo kinang'aa kwa shira.

"Shikamoo, mama," alisema, na yeye pengine alimzidi Nyanya kwa miaka kumi. "Niwie radhi. Hodi."

Shangazi alinishika bega kwa nguvu hata kucha zikaniingia. Nyanya alijifuta machozi taratibu, akaiweka sawa leso yake.

"Marahaba," alisema, mwenyewe, kwa sauti yake, bila kumtuma mtu. "Hodi hupigwa kabla ya kuingia, baba. Lakini aliyekosa akarudi mlangoni, ni wa kukaribishwa. Teremka jino moja."

Mzee hakuelewa, akamtazama Babu. Babu alielewa. Akainua mikono, akaanza kusoma Fatiha ya kukubali posa.

Mimi nilifinywa, usidhani niliponea. Nilifinywa kwa kutumwa neno nisilifikishe, kisha nikapewa kaimati nne kwa sababu hiyo hiyo. Shangazi akaenda Likoni, akazaa sita, na wote sita walikuwa wakiuliza nyuma yangu nani kabla hawajajua kusema baba. Yule mzee alikuwa akija kila Idi, anapiga hodi tangu barabarani, na ukimpa kiti, kiti chochote kile, anakaa ukingoni, mgongo wima, hata kahawa aliogopa kuinamia. Nyanya alimcheka mpaka kufa kwake, naye alimzika Nyanya akilia kuliko sisi.

Turubai la kiti lilioza. Babu alilishona kwa kitambaa cha marekani, baadaye Nyanya akalishona kwa leso, mwisho mbao zikawa kuni za pilau ya arubaini ya Babu. Mahali pa nyumba ile sasa pana ghorofa yenye vigae, na kila chumba kina viti vikubwa vya kuegemea, kila mtu na chake, kimeupa ukuta kisogo ili nyuma pasiwe na mtu. Shangazi alitangulia mwaka juzi. Katika watu wa nyumba ile waliojua jibu la hodi hiyo nimebaki mimi, na jambo hili linaniuma kuliko nilivyotarajia.

Basi nilikuwa ndani ya ndege, leso inanata kwa juisi, kisogo cha kijana kifuani, mgongo wangu wa kizee unanililia niegemee kidogo. Kitufe nilikiona. Nikageuka, nikauliza kwa adabu, "Nyuma yangu nani?" Alikuwa mama wa makamo, naye masikio ameyaziba, macho amefumba. Nikauliza mara ya pili. Nikauliza mara ya tatu, kwa sauti, hata watu wa upande wa pili wakanitazama kwa huruma, wanadhani nimepotewa na akili.

Hakuna aliyejibu. Kidogo wakatangaza kwamba tunakaribia kutua, kila mtu ainue kiti chake. Kijana mbele yangu akainua chake. Yule binti wa ndege akapita akikagua, alipofika kwangu akanisifu: "Asante, bibi, wewe chako kiko wima tayari."

Nikamwambia ndiyo, mwanangu. Sikukaribishwa.