Nilimshtaki Mtani kwa Ajili ya Koti

Kosa ni langu. Simsingizii shetani, wala pombe, wala ujana. Nilikuwa mzima, nina akili zangu zote, na shahada ya chuo kikuu juu yake. Jina langu msilitafute, maana kule Iringa ukiuliza tu "yule wa koti" hata mtoto mdogo atakuonyesha mlango wa kwetu.

Mimi ni Mhehe wa upande wa Ifunda. Nilipata bahati ya kwenda kusoma Bulgaria, uhandisi wa maji. Mwaka wa kwanza mzima tulijifunza lugha tu, mtu mzima unarudi kusoma a, b, ch. Halafu ile baridi! Mimi niliyekulia kwenye baridi ya Iringa nilienda huko na kiburi. Siku theluji ilipoanguka nilirudi mbio bwenini nikaingia kitandani na viatu.

Likizo ilipofika nikaenda kuchuma matufaha kwenye shamba la ushirika, mpaka nikapata pesa za kununulia koti. Koti refu jeusi la sufu, lenye ukosi wa manyoya. Nikiugua, ndilo blanketi. Nikikumbuka nyumbani, natumbukiza uso kwenye ule ukosi nalia humo humo, wenzangu wasinione. Nawaambia haya mjue hasira yangu ilitoka wapi, si kwamba najitetea.

Sasa Wabulgaria wana kituko kimoja. Wakikubali jambo, wanatikisa kichwa kushoto na kulia kama sisi tunavyokataa. Wakikataa, wanainamisha kichwa na kukiinua kama sisi tunavyokubali. Nikarudi nyumbani na ugonjwa huo. Mama ananiuliza, "Nikuongeze ugali, baba?" Mimi natikisa kichwa, nataka, na sahani inaondoka! Nililala njaa kwa mama yangu mzazi, na aibu ya kueleza ninayo.

Baada ya kusalimia nyumbani nilikwenda moja kwa moja Iyunga, Mbeya, kumwona Blandina. Yeye ni Mngoni, wazazi wake walitoka Songea wakahamia pale. Alinisubiri miaka yote niliyokuwa nje, na wanaume walipiga hodi kwao mpaka mlango ukachoka. Nikamfundisha kile kituko cha kichwa. Alicheka akashika mbavu, akaanza kunijibu Kibulgaria kwa kila kitu. Tukakubaliana kwamba wakishavuna, wazee wangu waende kupeleka posa.

Kabla hata mahindi hayajakauka, habari zikaja kwamba babu amefariki. Babu aliyenilea! Nikapanda basi la Iringa, na koti nimelivaa. Pale Chimala jua la Usangu lilikuwa linawaka, jasho linanitiririka hadi kwenye soksi, lakini koti sivui ng'o. Watu wa Chimala wangejuaje kwamba natoka Ulaya?

Kabla sijapanda basi Blandina aliniambia, "Nenda, watu wa kwetu wameshatangulia kuzika." Watu gani, sikuuliza. Laiti ningeuliza!

Mnajua kwamba Wahehe na Wangoni ni watani. Mababu zetu walipigana vita, wakachoka, wajukuu tukarithi matusi. Tukifiwa sisi, wao ndio wanaochimba kaburi, wanabeba, wanapika, na hapo hapo wanatukana maiti na waliobaki. Mtani akichukua kitu chako msibani, humgombezi. Unampa fidia, kuku au pombe, anakurudishia, watu wanacheka, machozi yanapungua. Nilijua yote haya tangu utoto. Ndiyo maana nasema kosa ni langu.

Ila kule Bulgaria nilikwenda siku moja kumzika bibi wa rafiki yangu. Watu wote wamevaa nyeusi, maua mkononi, wananong'ona. Hakuna aliyepaza sauti. Nikajisemea moyoni, huu sasa ndio ustaarabu.

Kwa hiyo nafika kwetu na nini nakikuta? Mzee mmoja mfupi, simjui, amelala chali ndani ya kaburi lisiloisha kuchimbwa, pipa la tumbo juu, anapiga kelele!

"Shimo hili langu! Babu yenu aliniahidi! Mtafuteni pengine pa kumzika!"

Watani wenzake wanaegemea majembe wanacheka. Mzee akaendelea na utani ule wa zamani, kwamba sisi Wahehe tunakula mbwa. "Leo mbwa wa kijiji hiki watalala usingizi! Mlaji wao mkubwa kaondoka!"

Bibi yangu, mjane wa masaa, alikuwa ameketi kwenye mkeka na kanga kichwani. Nikamwona mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Kumbe alikuwa anacheka, mama wa watu.

Mzee akatoka kaburini, macho yakatua kwangu. "Na huyu dubu ametoka wapi? Kamwene, dubu!" Kamwene ndiyo salamu yetu Wahehe. Sikuitikia. Nikavua koti nikalitundika kwenye uzio ili nikamsalimie bibi. Kugeuka, mzee kalivaa! Mikono imemzidi, pindo linaburuta udongo, kajipaka vumbi usoni, anatembea kwa madaha.

"Mimi ndiye msomi! Nimesoma mpaka nikaota manyoya! Leteni jogoo na ndoo ya pombe ya komoni, ndipo mtoto wenu apate ngozi yake!"

Msiba mzima ukaangua kicheko. Mjomba wangu alishakimbilia bandani kushika jogoo. Na mimi? Mimi damu ikanipanda. Nikaliona koti langu, lile nililolilia ndani yake, likifagia udongo wa kaburi la babu. Nikachukua baiskeli ya baba nikaenda polisi!

Askari wa zamu alinisikiliza vizuri, kalamu mkononi.

"Huyo mtuhumiwa ni kabila gani?"

"Mngoni."

"Na wewe, ndugu?"

"Mhehe. Lakini hilo linahusu nini?"

Akaiweka kalamu chini. "Ndugu yangu, rudi ukazike."

Hapo ndipo Mungu alipokuwa ananipa njia ya kutokea. Nikaikataa! Nikamwambia mimi ni msomi, serikali imenisomesha, nchi inajengwa kwa sheria si kwa mila za kuibiana. Maskini ya Mungu, askari akavaa kofia yake akanifuata, anatembea kama mtu anayepelekwa yeye.

Tulipotokea, kicheko kilikatika. Yule mzee alinitazama, akamtazama askari, akadhani ni sehemu ya mchezo. Akanyoosha mikono miwili afungwe pingu, anatabasamu. Nikasema, "Ndiye huyu. Mwizi."

Lile tabasamu liliondoka taratibu. Ninaliona hata leo nikifumba macho.

Akalivua koti. Akalikung'uta vumbi, akalikunja vizuri kama linavyokunjwa shati jipya dukani, akaniwekea mikononi. Mjomba wangu alikuwa amesimama na jogoo. Mzee akamwambia, "Mrudishe bandani. Sidai kitu hapa."

Msomaji wangu, kama hujakua huku kwetu huwezi kujua maana yake. Mtani akikurudishia kitu bila fidia, amekuambia kwamba wewe na yeye hamjuani. Wangoni wote wakaweka majembe chini. Kaburi liko nusu, maiti iko ndani ya nyumba, jua linashuka.

Baba akanisogelea. Hakupaza sauti. "Chimba."

Nikachimba! Na suruali yangu ya Sofia, na mikono yangu ya kushika rula. Malengelenge yakatoka, yakapasuka. Hakuna aliyenisaidia, hata binamu zangu. Baadaye nikasikia jembe lingine likipiga udongo ubavuni mwangu. Ni yule mzee. Alichimba kwa sababu marehemu hakuwa na kosa, na hakusema neno hata moja mpaka tukamaliza.

Basi babu akazikwa kimya. Watu walinong'ona. Hakuna aliyepaza sauti. Ule ustaarabu nilioutamani niliupata wote, na nawaambia, ulikuwa mbaya kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona. Tulipotawanyika, bibi alisema kwa Kihehe, kama anayeongea peke yake, "Mzee wangu kaondoka hata hajatukanwa vizuri."

Usiku ule ndipo nilipoambiwa yule mzee ni nani. Mzee Ngonyani, mjomba wake Blandina, aliyemlea utotoni kule Songea, akahamia Iyunga nikiwa Bulgaria. Alikuja kuzika, na alikuja kunitazama mkwe. Alitaka kujua kama Ulaya imenibakiza mtu.

Kulipokucha nikakimbilia Mbeya. Blandina nilimkuta anapeta mchele wa Rujewa uani. Nikaeleza, nikaomba radhi, nikapiga magoti kwenye pumba. Aliendelea kupeta.

"Mtani kachukua koti, umempelekea polisi," akasema. "Mimi nikivunja sahani, utanipeleka mahakama gani?"

"Blanda, nilikuwa na uchungu. Nimefiwa."

"Huo uchungu ndio aliokuja kukutoa."

Nikamshika mkono. Nikamwuliza, "Bado tuko pamoja?"

Akainamisha kichwa, akakiinua. Akainamisha tena, akakiinua. Jamani, nilirukaruka kwa furaha! Nusura nimwage ungo!

Akaniacha niruke. Halafu akasema, "Kibulgaria."

Hivyo ndivyo nilivyoachwa. Kwa kituko nilichomfundisha mwenyewe.

Mnadhani iliishia hapo? Nilipangiwa kazi ya mabomba ya maji Mbeya, kwa hiyo Mzee Ngonyani nilikutana naye mara nyingi sokoni. Nilitamani anitukane. Nilitamani aniite dubu mbele za watu. Wapi! "Habari za kazi, ndugu mhandisi?" "Nyumbani hawajambo, ndugu mhandisi?" Anavua na kofia! Mhehe mwingine akipita anamrukia shingoni, wanatukanana mpaka akina mama wauza ndizi wanaziba masikio. Mimi nasimama pale na heshima yangu. Sijawahi kuadhibiwa kwa viboko vikali kama ile adabu yake.

Blandina akaolewa na fundi baiskeli, mtu mcheshi. Koti nikalifungia sandukuni.

Kipupwe cha juzi, Mzee Ngonyani akafariki. Nikakaa kitandani muda mrefu. Mngoni amekufa, na mimi ni Mhehe. Mtani hangoji kualikwa, lakini mimi bado ni mtani wa nani? Mwishowe nikafungua sanduku, nikalivaa koti, nikaenda Iyunga.

Nilipoingia uani watu waligeuka kunitazama. Walinijua. Wahehe wengine waliokuwa wanachimba wakaacha kuchimba. Nikaenda mpaka lilipo jeneza. Nikapiga kelele, sauti ikanitoka kama ya jogoo mchanga:

"Ngonyani, mwizi mkubwa wee! Unakimbia kesi! Askari bado anakutafuta! Na mzigo wako umeusahau!"

Nikalivua koti nikalitandaza juu ya jeneza.

Wakatazamana. Nikajua nimekwisha, nimeharibu msiba wa pili. Kisha upande wa wanawake mtu mmoja akaguna, kicheko kikamponyoka kabla hajakizuia. Blandina, na mtoto mgongoni. Halafu mumewe. Halafu uwanja wote! Mzee mmoja wa Kingoni alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikatukana, nikatukana tena, matusi yote niliyoyabana miaka hiyo yote, huku machozi na kamasi vinanitoka, na sikuwa na koti la kujifichia.

Nikashika jembe nikashuka kaburini, nikalala chali. "Shimo hili langu!"

Blandina mwenyewe ndiye aliyekuja ukingoni, ameshika jogoo mwekundu kwa miguu. "Toka humo, dubu," akasema. "Shika fidia yako."

Ninyi vijana mnaofunga masanduku sasa hivi kwenda Moscow, Havana, Peking, nawasihi. Someni sana, leteni vyeti, leteni hata makoti. Ila mkirudi mkakuta mtu anawacheka kwenye msiba wenu, msikimbilie baiskeli. Kaeni, mumtafutie kuku. Mimi sikumtafuta, nikakosa mke, nikakosa mjomba, na babu yangu hajatukanwa vizuri mpaka leo.

Yule jogoo bado ninaye, simchinji. Koti waliniuliza kabla ya kuzika kama nalitaka, na baridi ya Mbeya mnaijua. Nikatikisa kichwa. Wakalishusha kaburini pamoja na jeneza, maana Blandina aliwaambia, "Safari hii hajibu Kibulgaria."