Kikombe Nilichokikataa

Shangazi aliniuliza tukimenya viazi jikoni kwake, Ilomba, Mbeya. Hakuzunguka mbuyu.

"Unataka kujiua?"

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimetoroka Igowole kwa baba mdogo, ndugu wa damu wa shangazi, aliyenilea tangu wazazi wangu wafariki na aliyeninajisi nikiwa bado shule ya msingi. Nikasema ndiyo.

Mwingine angepiga yowe. Yeye aliweka kisu chini, akasema ananiamini, na siku hiyo hiyo akahamishia godoro langu chumbani kwake. Kesho yake tukaenda hospitali, kisha polisi, dawati la jinsia. Baadaye akanigawia matuta yangu mwenyewe ya viazi, akapiga marufuku mtu mwingine kuyagusa.

Ukoo ukachachamaa. Mambo ya nyumbani hayapelekwi polisi, walisema, wakaitisha kikao Igowole. Kwetu usuluhishi hufungwa kwa ulanzi, pombe ya mianzi. Mkosaji anakunyooshea kikombe, wewe unapiga magoti, unapokea kwa mikono miwili, unakunywa. Ukishakunywa, shauri limekufa, na ukilitaja tena mkosaji ni wewe.

Baba mdogo akaninyooshea kikombe. Alikuwa anatabasamu, na lile tabasamu lilinichefua kuliko yote. Magoti yangu, kwa mazoea tu, yakaanza kukunjika. Nikayanyoosha.

"Sipokei."

Mzee mmoja akamgeukia shangazi, akamlaumu kwamba ananifundisha kiburi, mtoto wa kike hasimami mbele ya wakubwa namna ile. Shangazi akainuka, akaja kusimama kando yangu.

"Nimemwambia aishi," akasema. "Sasa nyie mnataka aishi kwa magoti?"

Tuliondoka bila kuagwa. Kesi iliendelea, na wengi wao hawatusalimii hadi leo. Wasitusalimie. Salamu zao zilikuwepo miaka yote ile na hazikunisaidia kitu. Mimi nilihitaji mtu mmoja tu wa kuniamini, nikampata, na viazi vyangu vilikuwa vinaanza kuota.

Ndani ya basi la kurudi Mbeya shangazi aliniuliza tena swali lile lile, wala hakupunguza sauti. Abiria wa mbele wakageuka kututazama. Nikamjibu kwamba leo hapana, leo nina hasira.

"Kaa nayo," akasema. "Kesho tunapalilia."