Njia ya Mkokoteni

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipotoka Didia kumtembelea dada yangu, aliyeolewa upande wa Geita, karibu na ziwa. Siku ya pili akaniambia, "Hebu katembee, uuone mji wa zamani. Nenda na mtoto." Binti yake alikuwa na miaka mitatu. Nikambeba mgongoni kwa kanga.

Mji ulikuwa umehamwa. Mvua nyingi za baada ya Uhuru zilipandisha maji, wavuvi wakaenda kujenga juu. Zilibaki kuta za ghala la samaki, na kibarazani mwanamume mmoja akishona wavu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Didia."

"Ahaa, watu wa ng'ombe! Kuogelea unajua?"

Nikatikisa kichwa. Akacheka. Nilitaka kumuuliza njia ya kufika majini, nikaona haya, nikapita.

Nyuma ya ghala niliona mifuo miwili ardhini, majani yameota katikati. Nikafurahi. Kwetu hiyo ni njia ya mkokoteni wa pamba, na palipopita mkokoteni pana watu. Nikaifuata polepole ndani ya matete, mtoto akiimba.

Kisha nikaona kinyesi. Kilikuwa kimetapakaa juu ya vichaka, hadi usawa wa kiuno changu. Ng'ombe hanyi hivyo. Nikasimama.

Nyuma yetu, upande wa nchi kavu, matete yakavunjika. Nikasikia pumzi nzito kama mvukuto wa mhunzi. Nikaruka pembeni, nikachuchumaa kwenye matope, nikamvuta mtoto mbele na kumziba mdomo. Akaning'ata kiganja. Sikukiondoa.

Kiboko akapita kwenye mifuo ile ile, karibu kiasi kwamba niliona matope yakimdondoka tumboni. Akaingia majini. Nikabaki pale pale, siwezi kuinuka.

Ndipo debe likagongwa. "We binti wa Didia! Uko wapi?"

Akaita tena. Nikapiga kelele ambayo sijawahi kuipiga maishani.

Mshona wavu akatutoa matopeni. "Hiyo njia ya kiboko, mwanangu! Si ungeuliza?"

Nyumbani dada akauliza, "Mmeona nini?"

"Ng'ombe mkubwa!" mtoto akadakia.

Dada akatazama kiganja changu. Nilikuwa nahangaika kufungua kanga, fundo limegoma. Akalifungua yeye, akamchukua mtoto wake.